Richard Hooker na kigoda ambacho hakukichonga

Waanglikana wengi wa kwetu, hasa waliopitia chuo cha Biblia au mafunzo ya ukatekista, wanakijua kigoda. Mwalimu anachora ubaoni kigoda cha miguu mitatu. Mguu wa kwanza anauandika Maandiko, wa pili Mapokeo, wa tatu Akili, kisha anasema: hivi ndivyo alivyofundisha Richard Hooker, baba wa teolojia ya Kianglikana. Nami nilifundishwa hivyo, nikawafundisha wengine hivyo hivyo kwa miaka kadhaa, mpaka nilipoketi kuyasoma maandishi yake mwenyewe nikikitafuta kigoda hicho. Hakimo.

Kilichomo ni sentensi moja katika Kitabu cha Tano cha kazi yake kubwa, sura ya 8. Kwa Kiswahili inakaribia kusema hivi: lile ambalo Maandiko yanalitamka waziwazi ndilo linalostahili nafasi ya kwanza, katika kuaminiwa na katika kutiiwa, linalofuata ni lile ambalo mtu analihitimisha kwa lazima kwa nguvu ya akili, baada ya hayo huja sauti ya Kanisa.

Isome polepole. Kigoda kina miguu iliyo sawa, na ukiupunguza mmoja kinapinduka. Hooker anapanga safu: wa kwanza, wa pili, wa tatu. Akili imekuja ya pili, wala si akili ya kila mtu kuwaza apendavyo, bali hitimisho ambalo mtu mwenye busara hawezi kulikwepa. Neno mapokeo halimo kabisa. Kuna sauti ya Kanisa, nayo inakuja mwisho, pale ambapo Maandiko hayakusema wazi na akili haikulazimisha.

Sidhani kwamba walimu wetu walidanganya. Hooker ni mwandishi anayetajwa sana na kusomwa kidogo. Kiingereza chake ni cha karne ya 16, sentensi yake moja yaweza kujaza nusu ya ukurasa, kitenzi kikichelewa kufika mpaka umesahau nani alikuwa anatenda. Tena kile kinachouzwa kwa jina la Kazi za Hooker ni mkusanyiko uliopitia mikono mingi, ya marafiki na ya watu waliokuwa na haja zao. Asiyejua ni sehemu ipi ilipita mikono ipi hataelewa kwa nini mtu mmoja aonekane kusema mambo mawili.

Tuanze na mtu mwenyewe. Alizaliwa mwaka 1554 Heavitree, kando ya mji wa Exeter, kusini-magharibi mwa Uingereza. Kwao hawakuwa na uwezo mkubwa, lakini alikuwa na baba yake mdogo, John Hooker, ofisa wa mji, aliyemtafutia mfadhili. Mfadhili huyo alikuwa John Jewel, Askofu wa Salisbury, ambaye naye alikuwa ameandika utetezi maarufu wa Kanisa la Uingereza. Hooker akaingia Chuo cha Corpus Christi, Oxford, akabaki hapo kama mwalimu, akafundisha hata Kiebrania. Kati ya wanafunzi wake wawili walikuja kuwa muhimu sana: Edwin Sandys, mtoto wa askofu, na George Cranmer, wa ukoo wa yule Askofu Mkuu Thomas Cranmer aliyeongoza kuandikwa kwa Kitabu cha Sala. Yashike majina hayo mawili.

Mwaka 1585 aliteuliwa kuwa kasisi mkuu wa Kanisa la Temple, London. Hili si kanisa la mtaa wa kawaida. Waumini wake walikuwa mawakili, mahakimu na vijana wanaosomea sheria. Na hapo palikuwa na mtu mwingine aliyekuwa akitazamiwa kukipata cheo hicho: Walter Travers, mhubiri wa alasiri, msomi, mpendwa wa waumini, na mmoja wa viongozi wa Wapuritani waliotaka Kanisa la Uingereza liongozwe kama lile la Geneva, kwa mabaraza ya wachungaji na wazee wa kanisa, bila maaskofu.

Ikawa kila Jumapili Hooker anahubiri asubuhi, na alasiri Travers anapanda mimbari ile ile na kumjibu. Thomas Fuller, mwanahistoria wa karne iliyofuata, alisema kwamba asubuhi mimbari ilinena Canterbury na alasiri ikanena Geneva. Wapenda hoja wa pale walijaa kanisani na kalamu zao.

Ugomvi ulifika kileleni kwa neno moja la huruma. Katika mahubiri juu ya kuhesabiwa haki, Hooker alisema hana shaka kwamba Mungu aliwarehemu maelfu ya mababu zao walioishi na kufa katika Kanisa la Roma, kwa sababu walikosea kwa kutojua. Travers aliona hapo mlango umefunguliwa kwa Papa. Katika Uingereza ya miaka ile, iliyokuwa ikingojea vita na Hispania, hilo halikuwa jambo dogo. Lakini mwezi Machi 1586 aliyenyamazishwa ni Travers. Askofu Mkuu John Whitgift alimzuia kuhubiri, na moja ya sababu alizotoa ni kwamba Travers hakuwa amewekewa mikono na askofu. Alipewa daraja Antwerp mwaka 1578, na wachungaji wenzake. Swali hilo, la kama mtu asiyewekewa mikono na askofu ni mchungaji halali, tutalikuta tena mara mbili kabla makala haya hayajaisha.

Travers alipeleka malalamiko yake kwa maandishi kwenye Baraza la Malkia, Hooker akajibu. Malalamiko, jibu, na yale mahubiri yenyewe vilichapishwa baadaye, vingi mwaka 1612, vikawa sehemu ya Kazi zake. Kwa hiyo unapofungua mkusanyiko na kukuta mahubiri juu ya kuhesabiwa haki, juu ya uhakika wa imani, juu ya kiburi, ujue unasikia upande wa asubuhi wa mabishano yale.

Kilichotoka Temple, hata hivyo, kilikuwa kikubwa kuliko mabishano. Kwa kuishi kati ya wanasheria, Hooker alitambua kwamba shina la ugomvi halikuwa kanzu ya kasisi wala pete ya ndoa, ambazo Wapuritani walizikataa. Lilikuwa swali la sheria: ni aina ngapi za sheria zinazomfunga mwanadamu, na ipi yaweza kubadilishwa na nani? Aliomba aondolewe kwenye cheo kile apate kuandika, akakiacha mwaka 1591. Mwaka 1593 vikatoka vitabu vinne vya kwanza, kati ya vinane alivyoahidi, kwa jina la Of the Lawes of Ecclesiasticall Politie, yaani sheria za mfumo wa uongozi wa Kanisa. Wachapaji waliogopa hasara, kwa kuwa vitabu vya namna hiyo havikuwa vinauzika. Sandys, mwanafunzi wake wa zamani, ambaye sasa alikuwa mbunge, ndiye aliyegharamia uchapaji, na Bunge lilikuwa limekaa mwaka huo huo kujadili sheria kali dhidi ya waliojitenga na Kanisa. Hooker aliandika kwa utulivu, lakini saa ya kutolewa kitabu ilichaguliwa na watu wa siasa.

Dibaji yake inawaelekea moja kwa moja wale anaowapinga. Anaanza kwa kusema anaandika, hata kama hakuna sababu nyingine, ili vizazi vijavyo vijue kwamba hawakuyaacha mambo yapite kama katika ndoto kwa kunyamaza. Kisha Kitabu cha Kwanza kinafunguka kwa sentensi ambayo kila mwanasiasa wa leo anaijua bila kuisoma: anayekwenda kuwashawishi watu wengi kwamba hawatawaliwi vema inavyopasa, hatakosa kamwe wasikilizaji makini na wenye kumpendelea.

Sasa tuingie kwenye kiini, maana hapa ndipo wengi huchoka na kukiweka kitabu rafuni.

Wapuritani walisema: Maandiko ni sheria kamili. Kwa hiyo jambo lolote Kanisani lisilo na amri ya Maandiko ni la kuondolewa. Msalaba unaochorwa kwenye paji la uso la mtoto anayebatizwa, pete ya ndoa, kanzu nyeupe ya kasisi, kupiga magoti wakati wa kupokea Meza ya Bwana: Maandiko yameagiza wapi? Ni hoja yenye nguvu kwa sababu ni nyepesi. Kuijibu kwa kutetea pete, halafu kanzu, halafu magoti, ni kazi isiyokwisha.

Hooker alirudi nyuma kabisa, mpaka kwa Mungu kabla ya uumbaji. Kuna sheria ya milele, ambayo Mungu amejiwekea mwenyewe katika yote anayotenda. Kutoka humo hutoka sheria ya maumbile, inayofanya jua lichomoze na jiwe lianguke. Kuna sheria ya malaika. Kuna sheria ya akili, ambayo watu wote, hata wasiowahi kuona Biblia, huitambua: usiue, mheshimu mzazi, watendee wengine kama unavyotaka wakutendee. Kuna sheria ya Mungu iliyofunuliwa katika Maandiko, kwa sababu akili peke yake haiwezi kutuonyesha njia ya wokovu. Na kuna sheria za wanadamu, za nchi na za Kanisa, zinazotungwa kwa mahitaji ya mahali na wakati. Zote zina chanzo kimoja. Mwishoni mwa kitabu hicho anasema juu ya sheria kwamba makao yake ni kifua cha Mungu, na sauti yake ni upatano wa ulimwengu. Vyote vya mbinguni na duniani vinaiheshimu, kilicho kidogo kabisa kwa kuonja ulinzi wake, na kilicho kikuu kabisa kwa kutotoka nje ya nguvu zake.

Ukishakubali hayo, swali la pete linageuka. Halisemi tena "Maandiko yameagiza wapi?" Linasema "hili ni la aina gani ya sheria?" Likiwa ni la wokovu, Maandiko yanatosha na hakuna wa kuongeza. Likiwa ni la utaratibu, Kanisa lina akili na lina mamlaka ya kulipanga, na aliyelipanga aweza kulipangua. Kitabu cha Pili kinabisha kwamba Maandiko hayakukusudiwa kuwa kanuni pekee ya kila tendo dogo la mwanadamu. Cha Tatu kinasema Maandiko hayakuweka umbo moja la uongozi wa Kanisa lisilobadilika. Cha Nne kinajibu wale waliosema kwamba desturi ikitumiwa na Roma basi imenajisika.

Anakwenda mbali zaidi ya hapo, na hapa ndipo ninapompenda hasa: anaonyesha kwamba hata agizo lililoandikwa katika Biblia si lazima liwe la milele. Chukua Matendo 15. Mitume waliokutana Yerusalemu waliwaandikia Wakristo wa mataifa wajiepushe na damu na nyama ya mnyama aliyenyongwa. Imeandikwa, tena na mitume, tena kwa kutaja Roho Mtakatifu. Kwa nini basi Kanisa liliacha kuidai? Kwa sababu, anasema Hooker, ni lazima uitazame sababu ya sheria. Agizo lile lilikuwa kwa ajili ya amani kati ya Wakristo wa Kiyahudi na wa mataifa waliokula meza moja. Sababu ilipokwisha, ulazima nao ukaisha. Sheria haiwi ya kudumu kwa kuwa imeandikwa kitabuni. Inakuwa ya kudumu kwa kuwa jambo inalolilinda ni la kudumu.

Wapo wanaosoma hapo na kudhani Hooker ni mtu wa kila kitu kubadilika. Sivyo. Alikuwa mhafidhina wa kweli, aliyeona kubadilisha sheria bila sababu nzito kuwa hatari, kwa kuwa watu wakizoea kuona sheria zinabadilishwa huacha kuziheshimu zote. Lakini aliposema jambo laweza kubadilishwa alimaanisha laweza, na hilo limewasumbua waliomtaka awe mlinzi wa kila walichokizoea.

Kitabu cha Tano kilitoka peke yake mwaka 1597, nacho ni kirefu kuliko vinne vya kwanza vikiwekwa pamoja: sura 81. Kinakipitia Kitabu cha Sala kipengele kwa kipengele, kuanzia majengo ya kanisa hadi maziko. Sehemu nyingine ukizipitia haraka hutapoteza sana. Lakini katikati yake, anapofika kwenye sakramenti, anaiacha hoja ya kanzu na pete na kueleza jinsi Mungu alivyofanyika mwanadamu ili wanadamu washiriki uhai wake. Sura ya 67 inahusu Meza ya Bwana. Wakati ule Wakristo walikuwa wakiuana juu ya namna Kristo alivyomo katika mkate na divai. Hooker anasema wote wanakubali kwamba anayepokea kwa imani anampokea Kristo kweli. Kwa nini basi tuurarue ushirika kwa kubishania namna? Na kwa yule aliyepiga magoti, anasema, wazo moja tu latosha: Ee Mungu wangu, u kweli, ee nafsi yangu, u heri.

Nakala ya mkono iliyopelekwa kwa mchapaji wa kitabu hiki ipo mpaka leo katika maktaba ya Bodleian, Oxford. Imeandikwa kwa mwandiko safi wa Benjamin Pullen, mtumishi katika nyumba ya mkwewe Hooker, nayo ina masahihisho ya Hooker mwenyewe. Kwa hiyo kuhusu vitabu vitano vya kwanza hakuna wa kubisha: aliviandika, akavisahihisha, akaviona vimechapwa.

Kuna kitu kingine cha mkono wake ninachokithamini kuliko sifa zote anazopewa. Mwaka 1599 watu wasiojitaja walichapa barua ya kumshambulia, wakidai ameacha mafundisho ya Kanisa lake. Nakala aliyoisoma yeye imehifadhiwa katika chuo chake cha zamani, na pembeni mwa kurasa zake ameandika majibu. Mtu huyu ambaye kila kitabu kinamwita mpole na mvumilivu, hapo amemfananisha mpinzani wake na punda anayekimbia akirusha mateke kana kwamba ameumwa na nzi. Aliandika kwa hasira, kwa kuwa aliumia. Kisha, katika karatasi nyingine, akaanza kuandaa jibu la adabu juu ya neema na hiari ya mwanadamu. Hakulimaliza. Alifariki tarehe 2 Novemba 1600 katika parokia yake ya Bishopsbourne, karibu na Canterbury, akiwa na umri wa miaka 46.

Alikuwa ameahidi vitabu vinane. Vilichapwa vitano. Cha Sita kilikuwa kihusu madai ya wazee wa kanisa, cha Saba maaskofu, cha Nane mamlaka ya mfalme juu ya Kanisa. Vilikuwa wapi?

Jibu lililoenea kwa karne karibu tatu lilitoka kwa Izaak Walton, aliyeandika wasifu wa Hooker uliotoka mwaka 1665. Walton ni mwandishi mtamu. Ndiye aliyetupa kisa cha Askofu Jewel kumwazima kijana Hooker fimbo yake ya kutembelea na kumwambia huyo ndiye farasi wake wa safari ya kwao. Lakini ndiye pia aliyesimulia kwamba Hooker aliozwa mwanamke mkorofi asiyemfaa. Kwamba wanafunzi wake wa zamani walimkuta Drayton Beauchamp, parokia aliyoihudumia kabla ya Temple, akichunga kondoo na kitabu cha mashairi mkononi, kisha mkewe akamwita ndani akatikise susu ya mtoto. Na kwamba baada ya kifo chake mke huyo aliwaruhusu wachungaji wa Kipuritani waingie chumbani na kuchoma karatasi, akahojiwa, na kesho yake akakutwa amekufa kitandani.

Mwaka 1940 mtafiti C. J. Sisson alichapa alichokikuta katika majalada ya mahakama, kwenye mashauri yaliyohusu mali na maandishi ya Hooker. Picha ikapinduka. Hooker alimwoa Joan Churchman mwezi Februari 1588, wakati ambapo alikuwa ameshaondoka Drayton Beauchamp miaka kadhaa. Pale hakuwa na mke wala mtoto, basi susu ilikuwa ya nani? Baba yake Joan alikuwa mfanyabiashara mwenye uwezo wa London, na ni katika nyumba yake ndipo Hooker aliishi na kuandika sehemu kubwa ya vitabu vyake, akitumia mtumishi wa nyumba hiyo kama mwandishi. Joan aliolewa tena baada ya ujane, akafariki mwaka 1603. Hakufa usiku ule wa kuhojiwa. Mwanamke aliyempa mume wake nyumba tulivu ya kuandikia alibebeshwa lawama ya kuharibu kazi yake, na waliomsoma Walton wakaendelea kumbebesha. Hili linaniuma hata leo, kwa sababu bado nalisikia likisimuliwa kwenye mimbari kama mfano wa mke mbaya.

Kwa nini kisa kile kilipendwa? Tazama tarehe. Kitabu cha Sita na cha Nane vilichapwa mara ya kwanza mwaka 1648, katikati ya vita kati ya mfalme na Bunge. Cha Nane kinasema mamlaka ya mfalme yako chini ya Mungu na chini ya sheria, na kwamba uwezo wa kutawala ulitoka kwanza katika jumuiya nzima. Mwaka uliofuata Mfalme Charles wa Kwanza alikatwa kichwa. Kabla ya kufa alimwagiza binti yake Elizabeth, mtoto wa miaka 13, asome vitabu vya Hooker. Watu wa mfalme wangekubalije kwamba mwandishi wao huyo mpendwa alisema mfalme hufungwa na sheria?

Cha Saba kilitolewa mwaka 1662 na Askofu John Gauden, ndani ya toleo la kwanza lililokusanya vitabu vyote vinane. Kinatetea maaskofu kwa nguvu. Lakini sura ya 14 inakubali kwamba pengine huwepo sababu ya haki na ya kutosha ya kuruhusu daraja litolewe bila askofu, kwa mfano pale ambapo lazima imebana na askofu hapatikani. Na mwaka huo huo wa 1662 sheria mpya ya Uingereza iliamuru kwamba asiyewekewa mikono na askofu asihudumu. Kwa sheria hiyo na hatua zilizoitangulia, wachungaji karibu 2,000 walipoteza nafasi zao. Maneno ya Hooker yalitoka saa mbaya kabisa. Askofu Mkuu Gilbert Sheldon alimtaka Walton aandike wasifu mpya, na wasifu huo ukafungwa mwanzoni mwa Kazi za Hooker kuanzia toleo la 1666. Msomaji alikutana na kisa cha karatasi kuchomwa kabla hajafika kwenye vitabu vyenyewe. Alipofika cha Saba na cha Nane, alikuwa ameshaambiwa asiviamini.

Leo wataalamu wanakubaliana kwamba vitabu vya mwisho ni vya Hooker, ila havikukamilika. Karatasi zake za maandalizi zimepatikana katika Chuo cha Trinity, Dublin, zikitoka katika hazina ya Askofu Mkuu James Ussher. Tatizo la kweli liko kwenye cha Sita. Kilichochapwa kwa jina hilo karibu chote kinahusu toba na maungamo. Lakini wale wanafunzi wawili, Sandys na Cranmer, walisoma rasimu ya Kitabu cha Sita wakamwandikia Hooker maoni yao, na maoni hayo yamebaki. Wanajadili wazee wa kanisa kutoka ukurasa hadi ukurasa, na hayalingani na kitabu tulicho nacho. Kwa hiyo kitabu kile kilichosomwa na marafiki zake kimepotea sehemu kubwa, na mahali pake pamewekwa andiko jingine lake juu ya toba. Ni zuri, lakini lisome ukijua hivyo.

Mwaka 1836 John Keble, mmoja wa waanzilishi wa vuguvugu la Oxford lililotaka Kanisa la Uingereza likumbuke urithi wake wa kale, alitoa toleo jipya la Kazi za Hooker lililofanyiwa kazi kwa uangalifu. Keble aliamini urithi wa maaskofu tangu mitume ni kitu ambacho Kanisa haliwezi kukikosa. Alimheshimu Hooker kupita kiasi, na bado katika utangulizi wake mrefu alikiri kwamba juu ya uaskofu Hooker hakufika walikofika waandishi wa karne ya 17 kama Askofu Mkuu William Laud. Nadhani huo ni uaminifu mkubwa wa mhariri.

Vuguvugu hilo la Oxford ndilo lililolea roho ya misioni ya UMCA (Universities' Mission to Central Africa), iliyojenga kanisa kuu la Mkunazini, Unguja, mahali palipokuwa soko la watumwa. Bara, Kenya na Uganda, walikuwa CMS (Church Missionary Society), Waanglikana wa mrengo wa kiinjili. Mwezi Juni 1913 wamisionari wa madhehebu mbalimbali walikutana Kikuyu kuzungumzia ushirikiano. Mwishoni Askofu Peel wa Mombasa aliongoza Meza ya Bwana ndani ya kanisa la Wapresibiteri wa Uskoti, na wasio Waanglikana wakapokea. Frank Weston, Askofu wa Zanzibar, aliposikia alimwandikia Askofu Mkuu wa Canterbury akimshtaki Peel pamoja na Willis wa Uganda kwa uzushi. Uingereza nzima ikabishana juu ya Kikuyu. Na swali lilikuwa lile lile la Travers: pasipo askofu, je, pana Kanisa? Weston alijibu kama Keble na waliomtangulia. Ukimuuliza Hooker wa Kitabu cha Saba, angesema maaskofu ni mpango mwema wa Mungu usiopaswa kuachwa, kisha angeuliza lazima ilibana kiasi gani. Ni jibu linalowanyima wote wawili ushindi.

Kwa anayetaka kuanza, toleo la wataalamu ni lile la Folger, lililotoka kati ya 1977 na 1998 katika juzuu saba, na ndilo linaloonyesha kila andiko lilitoka kwenye karatasi ipi. Lile la Keble linapatikana bure kwenye intaneti, nalo ni zuri, ila uvuke wasifu wa Walton uurudie mwishoni. Usianze na ukurasa wa kwanza. Anza na sura ya 67 ya Kitabu cha Tano, siku moja kabla ya kwenda kupokea. Halafu Dibaji. Halafu Kitabu cha Kwanza, sura moja kwa wiki, kwa sauti, kwa sababu sentensi zile ndefu zilitungwa na mtu aliyezoea kuhubiri, na sikio huzifuata hata pale ambapo jicho limepotea.